MADA YA 9: UZALISHAJI WA MBEGU ZA MPUNGA ZINAZOSTAHIMILI UKAME NA CHUMVI

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:

(a) kueleza jinsi ukame na chumvi vinavyoudhuru mpunga;
(b) kutaja na kufafanua hatua za kuzalisha aina mpya ya mpunga;
(c) kukokotoa maswali ya urithi yanayohusu mada hii;
(d) kujadili faida na mipaka ya mbegu stahimilivu kwa kutumia mifano halisi.

9.1 Utangulizi

Mtahiniwa, kama umekulia kwenye eneo la mpunga, jambo hili unalijua tayari. Suke lililojaa huinama. Suke lililosimama wima wakati wa kuvuna ni mapepe. Ukivunja punje zake unakuta maganda matupu. Shamba la namna hiyo kwa mbali huonekana zuri, majani ni ya kijani na mashina yamejaa, lakini mkulima akipiga mpunga wake anapata magunia machache kati ya yale aliyoyategemea. Ada ya shule, deni la mbolea na chakula cha miezi inayofuata, vyote vilikuwa ndani ya masuke hayo.

Mapepe yana sababu nyingi. Mbili kati ya hizo ndizo tutakazozisoma hapa: ukosefu wa maji na wingi wa chumvi kwenye udongo. Hapa Tanzania tunazo zote mbili. Wakulima wanaotegemea mvua hupata hasara mvua inapokatika mapema. Katika delta ya Mto Rufiji, na katika mabonde yaliyo karibu na bahari kule Unguja na Pemba, maji ya chumvi huingia mashambani. Katika baadhi ya skimu za umwagiliaji bara, chumvi haitoki baharini. Hupanda kutoka chini ya udongo kwa sababu maji yanaingizwa shambani bila kuwa na mifereji mizuri ya kuyatoa.

Mada hii inaunganisha mambo matatu uliyosoma mahali tofauti: osmosisi, uzazi wa mimea ya maua, na urithi. Usiyasome kama mada tatu. Mtunga mtihani anapenda swali linaloyaunganisha.

9.2 Mambo ya kukumbuka kuhusu mpunga

1. Mpunga unaolimwa una spishi mbili. Oryza sativa una asili ya Asia na ndio unaolimwa sehemu kubwa ya dunia. Oryza glaberrima ni mpunga wa Afrika, ulioanza kulimwa Afrika Magharibi katika bonde la Mto Niger.

2. Kila seli ya mwili ya mpunga ina kromosomu 24, yaani jozi 12. Gameti ina kromosomu 12.

3. Ua la mpunga lina stameni sita na stigma mbili zenye manyoya, vyote ndani ya ganda moja. Kwa kuwa chavua hukomaa na kumwagika karibu wakati ule ule ganda linapofunguka, mpunga hujichavusha wenyewe karibu siku zote. Huu ni uchavushaji binafsi.

4. Mmea una vipindi vitatu: ukuaji wa majani na machipukizi, uzazi (kubeba mimba, kutoa suke na kuchanua), na kujaza punje. Kwa ukame, kipindi cha hatari zaidi ni cha uzazi. Kwa chumvi, vipindi vya hatari ni viwili: miche ikiwa michanga, na wakati wa uzazi.

9.3 Ukame unavyoudhuru mpunga

Maji yakipungua kwenye udongo, mmea hufunga stomata ili usipoteze maji. Kufunga stomata kunaokoa maji, lakini pia kunazuia kaboni dayoksaidi kuingia. Usanisinuru hupungua, na chakula cha kujaza punje hupungua nao.

Ukame ukitokea wakati wa kuchanua, madhara ni makubwa zaidi. Chavua hufa au hushindwa kuota juu ya stigma, na suke linaweza kushindwa kutoka lote kwenye ala ya jani. Pasipo utungisho hakuna punje. Mvua ikirudi baada ya wiki mbili, majani yatarudi kuwa ya kijani, lakini ua lililokosa utungisho halirudi. Ndiyo maana shamba linaweza kuonekana zuri na bado likatoa mapepe.

Mimea hukabili ukame kwa njia tatu. Jifunze kuzitofautisha.

(i) Kukwepa. Aina inayokomaa mapema huchanua na kukomaa kabla ya mvua kukatika. Mmea wenyewe hauna ugumu wowote, umewahi tu.

(ii) Kuepuka kukaukiwa. Mmea una mizizi mirefu inayofuata maji chini, au majani yanayojikunja kupunguza upotevu wa maji. Udongo wa juu umekauka, lakini seli za mmea bado zina maji.

(iii) Kuvumilia. Seli zenyewe zimepungukiwa maji, lakini zinaendelea kufanya kazi. Mmea hukusanya sukari na amino asidi fulani ndani ya seli ili kuzuia maji yasitoke.

Mtafiti wa mbegu hutafuta tabia zote tatu, lakini kwa mpunga wa mashamba yanayotegemea mvua, mizizi mirefu na kukomaa mapema ndizo tabia zinazotafutwa sana.

9.4 Chumvi inavyoudhuru mpunga

Chumvi hudhuru kwa njia mbili, na jibu lako lazima liwe na zote mbili.

Njia ya kwanza: kiu katikati ya maji. Maji huingia kwenye mizizi kwa osmosisi, kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Maji ya shamba yakiwa na chumvi nyingi, tofauti hiyo hupungua, na mzizi hushindwa kuvuta maji ya kutosha. Jaruba limejaa maji, mmea una kiu. Kwa maana hiyo ukame na chumvi ni ndugu.

Njia ya pili: sumu ya sodiamu. Chumvi ya kawaida ina ioni za sodiamu na kloraidi. Ioni za sodiamu huingia kwenye mmea, hupanda na maji hadi kwenye majani, na hapo hushindana na potasiamu ambayo vimeng'enya vingi huihitaji. Ncha za majani hugeuka nyeupe na kukauka, kuanzia majani ya zamani.

Wingi wa chumvi hupimwa kwa uwezo wa maji ya udongo kupitisha umeme, kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, kifupi dS/m. Udongo wenye 4 dS/m au zaidi huitwa udongo wa chumvi. Mpunga wa kawaida huanza kupoteza mavuno ukizidi 3 dS/m, na hupoteza takribani asilimia 12 ya mavuno kwa kila kipimo 1 kinachoongezeka.

Mfano wa 1. Shamba hutoa tani 4 kwa hekta pasipo chumvi. Chumvi imepanda hadi 5 dS/m. Mkulima atapata tani ngapi?

Ziada = 5 − 3 = 2
Upotevu = 2 × 12% = 24%
Tani zilizopotea = 24% × 4 = 0.96
Mavuno = 4 − 0.96 = tani 3.04 kwa hekta

Tahadhari. Usichanganye udongo wa chumvi na udongo wa magadi. Udongo wa magadi una sodiamu nyingi iliyoshikamana na chembe za udongo, pH yake huzidi 8.5, na udongo hushikana ukawa mgumu usiopitisha maji. Udongo wa chumvi husafishwa kwa maji baridi mengi yenye pa kutokea. Udongo wa magadi huhitaji kwanza jasi, kisha maji.

9.5 Hatua za kuzalisha aina mpya

Hatua ya 1: Kuchagua wazazi. Mzazi mmoja ni aina inayopendwa na wakulima, yenye mavuno mengi na mchele mzuri, lakini inayodhurika na chumvi au ukame. Mzazi wa pili ana ustahimilivu, hata kama ana kasoro nyingine. Ustahimilivu hutafutwa kwenye mbegu za asili ambazo wakulima wa maeneo magumu wamezitunza kwa vizazi vingi, na kwenye benki za mbegu. Kama jeni haipo kwa mzazi yeyote, haitatokea kwa mtoto.

Hatua ya 2: Kuhasi ua. Kwa kuwa mpunga hujichavusha, lazima stameni zote sita za mzazi wa kike ziondolewe kabla hazijamwaga chavua. Mtaalamu hukata ncha ya ganda kwa mkasi mdogo na kuzitoa kwa kibanio au kwa mashine ndogo ya kuvuta. Ikibaki hata moja, punje itakayopatikana inaweza kuwa ya mama peke yake. Suke hufunikwa kwa mfuko mara moja.

Hatua ya 3: Kuchavusha kwa mkono. Suke la mzazi wa kiume linapochanua, kwa kawaida kabla ya saa sita mchana, hutikiswa juu ya suke lililohasiwa ili chavua iangukie stigma. Mfuko hurudishwa na lebo huandikwa: jina la mama, jina la baba, tarehe. Punje huwa tayari baada ya takribani mwezi mmoja.

Hatua ya 4: Kizazi cha F1. Mimea ya F1 hufanana yote, kwa kuwa kila mmoja umepokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Hapa hakuna cha kuchagua. Mimea huachwa ijichavushe.

Hatua ya 5: Kizazi cha F2 na vinavyofuata. Katika F2 tabia hutawanyika. Utaona mirefu, mifupi, ya mapema, ya kuchelewa, migumu na dhaifu. Uchaguzi huanzia hapa na huendelea kizazi hadi kizazi, mpaka mistari ya uzao itulie na kutoa watoto wanaofanana.

Hatua ya 6: Kupima ustahimilivu. Kwa chumvi, miche hukuzwa kwenye maji yenye virutubisho yaliyotiwa chumvi, mara nyingi hadi 12 dS/m, kisha hupewa alama kuanzia 1 hadi 9. Alama 1 ni mche usiodhurika. Alama 9 ni mche uliokufa au unaokaribia kufa. Kwa ukame, maji huondolewa shambani wakati wa uzazi na mavuno hupimwa. Upimaji wa chumvi huanzia kwenye maabara kwa sababu chumvi shambani haijaenea sawasawa. Mche uliopona kwenye kona isiyo na chumvi unaweza kukudanganya kwamba ni mstahimilivu.

Hatua ya 7: Majaribio mashambani. Mistari michache iliyobaki hupandwa maeneo mbalimbali kwa misimu kadhaa, kwenye vituo vya utafiti na kwa wakulima wenyewe. Wakulima hutazama mavuno, hupika wali na kuuonja.

Hatua ya 8: Kuidhinishwa na kuzalishwa kwa wingi. Hapa nchini utafiti wa mbegu za mpunga hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), hasa katika vituo vya Ifakara na Dakawa. TOSCI ndiyo taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Baada ya aina kuidhinishwa, mbegu huzalishwa kwa madaraja hadi imfikie mkulima ikiwa imethibitishwa au ikiwa ya daraja la kuazimiwa ubora.

Kazi yote, kutoka hatua ya 1 hadi ya 8, inaweza kuchukua miaka kumi au zaidi. Hesabu zifuatazo zitakuonyesha kwa nini.

9.6 Hesabu za urithi

Mfano wa 2: Kwa nini F2 inadanganya. Tuchukulie, kwa ajili ya zoezi tu, kwamba ustahimilivu unatokana na aleli moja inayotawala, S. Mimea ya F1 ni Ss. Imejichavusha na kutoa mimea 400 ya F2. Ni mimea mingapi itaonekana stahimilivu, na mingapi kati yake itaendelea kutoa watoto stahimilivu watupu?

Ss × Ss hutoa 1 SS : 2 Ss : 1 ss
SS = 100, Ss = 200, ss = 100
Itakayoonekana stahimilivu = 100 + 200 = 300
Itakayotoa watoto stahimilivu watupu = SS pekee = 100

Kwa macho, mimea 300 inafanana. Theluthi mbili yake bado imebeba aleli dhaifu. Ukimpa mkulima mbegu hiyo leo, mwakani shamba lake litakuwa na mchanganyiko.

Mfano wa 3: Kujichavusha kunavyotuliza mbegu. Kila kizazi cha kujichavusha hupunguza kwa nusu sehemu ya jozi za jeni zenye aleli mbili tofauti.

F1: 100%
F2: 50%
F3: 25%
F4: 12.5%
F5: 6.25%
F6: 3.125%

Ndiyo maana mistari huhesabiwa kuwa imetulia inapofika karibu na F6. Kwa misimu miwili ya kupanda kwa mwaka, kutoka F1 hadi F6 ni takribani miaka mitatu, na majaribio ya mashambani yanafuata.

Mfano wa 4: Jeni nyingi. Kwa kweli ustahimilivu wa ukame na chumvi hautokani na jeni moja. Tuchukulie unatokana na jeni 5 zinazorithiwa kila moja kivyake. Uwezekano wa mmea mmoja wa F2 kuwa na jozi kamili ya aleli nzuri katika zote 5 ni:

1/4 × 1/4 × 1/4 × 1/4 × 1/4 = 1/1,024

Mtafiti akipanda mimea 100 ya F2, huenda asiupate hata mmoja. Analazimika kupanda maelfu, na kuchagua kidogo kidogo kizazi baada ya kizazi.

Mfano wa 5: Kurudisha kwa mzazi. Tuseme tunaipenda sana aina A ya wakulima, na tunataka kuingiza ndani yake tabia moja tu kutoka kwa aina B. Tunachanganya A na B, kisha chotara tunamrudisha kwa A mara kadhaa. Kila mara tunachagua mtoto mwenye tabia ya B na kumrudisha tena kwa A. Wastani wa jeni za A huwa hivi:

F1: 50%
Kurudisha mara ya 1: 75%
Mara ya 2: 87.5%
Mara ya 3: 93.75%
Mara ya 4: 96.875%

Kanuni: asilimia ya mzazi A baada ya kurudisha mara n ni 1 − (1/2) kwa kipeo cha (n + 1), zidisha kwa 100.

Alama za DNA. Njia hii huwa ya haraka zaidi mtafiti akiweza kusoma DNA ya jani la mche. Badala ya kusubiri mmea uchanue na kuuadhibu kwa chumvi, anakata kipande cha jani na kutazama kama sehemu ya kromosomu anayoitaka ipo. Miche isiyo nayo huondolewa ikiwa bado kitaluni.

9.7 Mifano mitatu halisi

Mtahini hutoa alama kwa mfano halisi. Jifunze hii mitatu, ukijua kila mmoja unafundisha nini.

Mfano A: Pokkali na chumvi. Katika pwani ya Kerala, kusini mwa India, wakulima wamelima kwa muda mrefu mpunga wa asili uitwao Pokkali kwenye mashamba yanayoingiliwa na maji ya bahari. Pokkali ni mrefu, huanguka kwa urahisi, na mchele wake ni mwekundu. Lakini unastahimili chumvi. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), iliyoanzishwa Ufilipino mwaka 1960, waliuchanganya na aina iitwayo IR29 inayodhurika sana na chumvi. Kwenye uzao wao walitambua sehemu ya kromosomu ya 1 inayosaidia miche kudhibiti sodiamu. Sehemu hiyo ikaitwa Saltol. Mstari mmoja wa uzao huo, FL478, ni mfupi kuliko Pokkali na umetumika kuingiza Saltol katika aina nyingine nyingi kwa kurudisha kwa mzazi na alama za DNA.

*Fundisho:* mbegu ya asili yenye kasoro nyingi inaweza kubeba jeni moja ya thamani kubwa. Ikipotea, jeni hiyo hupotea nayo.

Mfano B: Mizizi ya DRO1. IR64 ni aina ya mpunga iliyoenea sana Asia kwa sababu ya mavuno na ubora wa mchele wake, lakini mizizi yake hutambaa karibu na uso wa udongo. Kinandang Patong ni mpunga wa nchi kavu kutoka Ufilipino wenye mizizi inayoshuka chini. Watafiti kutoka Japani walitambua jeni kwenye kromosomu ya 9 inayobadili pembe ya mizizi, wakaiita DRO1, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Walipoiingiza jeni hiyo kwenye IR64 kwa kurudisha kwa mzazi, mizizi ilishuka. Katika ukame mkali IR64 ya kawaida ilikaribia kutotoa kitu, ilhali ndugu yake mwenye DRO1 aliendelea kutoa punje.

*Fundisho:* ustahimilivu wa ukame unaweza kutokana na umbo la mmea. Hii ni njia ya kuepuka kukaukiwa.

Mfano C: NERICA. Katika miaka ya 1990, Dk. Monty Jones, mwanasayansi wa Sierra Leone, akiwa Côte d'Ivoire na wenzake wa shirika la utafiti wa mpunga la Afrika Magharibi, walichanganya mpunga wa Afrika na mpunga wa Asia. Mpunga wa Afrika huvumilia mazingira magumu na hushindana na magugu, lakini punje zake hupukutika na mashina huanguka. Mpunga wa Asia hutoa mavuno mengi. Kikwazo kilikuwa kwamba hizi ni spishi mbili tofauti, na chotara wake huwa tasa. Walimrudisha chotara kwa mpunga wa Asia ili uzazi urudi, na waliokoa viinitete kwa kuvikuza maabara. Aina zilizopatikana ziliitwa NERICA. Mwaka 2004 Dk. Jones alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, pamoja na Yuan Longping wa China.

*Fundisho:* spishi mbili zinaweza kuchanganywa, lakini kwa kazi ya ziada. Na Afrika ilichangia mzazi na mwanasayansi pia.

9.8 Mipaka ya mbegu stahimilivu

Swali la kujadili halitaki sifa tupu. Mtahiniwa anayeandika kwamba mbegu mpya itamaliza tatizo hupoteza alama, na anastahili kuzipoteza. Zingatia haya:

1. Kustahimili kuna kikomo. Mbegu stahimilivu hupoteza mavuno kidogo kuliko ya kawaida, haipotezi sifuri. Hakuna mpunga unaokua bila maji.

2. Mbegu haisafishi udongo. Kama mifereji ya kutoa maji imeziba, chumvi itaendelea kupanda kila msimu hadi ipite uwezo wa mbegu yoyote. Mbegu inampa mkulima muda. Mifereji, maji baridi na jasi ndivyo vinavyotengeneza shamba.

3. Jeni hukaa pamoja. Jeni zilizo jirani kwenye kromosomu moja hurithiwa pamoja. Ukivuta jeni nzuri ya Pokkali unaweza kuvuta na urefu wake.

4. Ladha na soko. Wakulima wengi wa Tanzania bado wanalima Supa, ambayo ni ya asili, ndefu na yenye mavuno madogo, kwa sababu mchele wake unanukia na unapata bei. Aina ya TXD 306, maarufu kwa jina la SARO 5, ilikubalika kwa sababu iliongeza mavuno bila kuacha harufu yote. Mbegu inayostahimili chumvi lakini isiyo na mnunuzi itaishia kituoni.

5. Kupatikana kwa mbegu. Mkulima wa mpunga anaweza kutunza mbegu yake kwa misimu kadhaa kwa kuwa mpunga hujichavusha. Lakini mbegu ikichanganyika kwenye kupura au ghalani, ustahimilivu hupungua shambani bila mtu kujua.

Nimekulia kwenye nyumba ya mpunga, na hoja ya pili nimeiona kwa macho. Tulibadili mbegu mara mbili kabla mtu hajafikiria kuzibua mfereji. Ukiandika jibu la kujadili, mfikirie mkulima wa namna hiyo akikusomea jibu lako. Je, lingemsaidia?

9.9 Makosa yanayojirudia

- Kuandika "mpunga" na "mchele" kana kwamba ni kitu kimoja. Mmea na punje zenye maganda ni mpunga; ukikobolewa ni mchele; ukipikwa ni wali.
- Kusema kila mbegu stahimilivu imebadilishwa jeni maabara. Pokkali, FL478 na NERICA zinatokana na uchavushaji na uchaguzi. Alama za DNA husoma jeni, hazibadilishi jeni.
- Kusema mmea "umezoea" chumvi kisha watoto wakairithi. Mtafiti huchagua mimea ambayo tayari ina jeni; mazoea hayarithiwi.
- Kusahau kuhasi ua unapoeleza uchavushaji wa mpunga. Hatua hii peke yake huwa na alama.
- Kutaja madhara ya chumvi ya upande mmoja tu, osmosisi au sumu.

9.10 Maswali ya kujipima

1. Kwa nini shamba la mpunga linaweza kuwa na majani ya kijani na bado likatoa mapepe? (alama 3)

2. Shamba hutoa tani 5 kwa hekta pasipo chumvi. Kokotoa mavuno chumvi ikiwa 7 dS/m. (alama 3)

3. Mtafiti amerudisha chotara kwa mzazi A mara tano. Kokotoa wastani wa jeni za mzazi A. (alama 2)

4. Mkulima alinunua mbegu inayokomaa siku nyingi mapema kuliko ya jirani yake. Mvua ilikatika. Yeye alivuna, jirani alipata mapepe. Je, mbegu yake ilikwepa, iliepuka au ilivumilia ukame? Toa sababu. (alama 2)

5. "Mbegu stahimilivu pekee haiwezi kuokoa shamba la mpunga lililoingiliwa na chumvi." Jadili kwa hoja tano. (alama 15)

Majibu

1. Ukame au chumvi wakati wa kuchanua huua chavua (1), utungisho haufanyiki hivyo punje hazijai (1), lakini majani hurudi kuwa ya kijani hali ikitengemaa (1).

2. Ziada = 7 − 3 = 4. Upotevu = 4 × 12% = 48%. Tani zilizopotea = 48% × 5 = 2.4. Mavuno = 5 − 2.4 = tani 2.6 kwa hekta.

3. 1 − (1/2) kwa kipeo cha 6 = 1 − 1/64 = 63/64 = 98.4375%.

4. Ilikwepa (1). Ilikomaa kabla ukame haujaufikia mmea wakati wa uzazi. Haikuonyesha ugumu wa mizizi wala wa seli (1).

5. Anza kwa kueleza maana ya mbegu stahimilivu. Tumia hoja za sehemu ya 9.8, kila hoja ikiwa na maelezo na mfano. Kubali pia upande wa pili: bila mbegu hiyo, mkulima angeweza kukosa mavuno kabisa huku akisubiri mifereji itengenezwe. Hitimisha kwa kusema mbegu na usimamizi wa maji vinakwenda pamoja, na utaje kipi kianze katika shamba ulilolichukua kama mfano.

Ukipata chini ya alama 15 kati ya 25, rudia sehemu ya 9.4 na 9.6 kabla ya kuendelea na Mada ya 10.